Benchi la Mbele

Mwaka huu tumeletewa mabenchi mapya shuleni, na tangu yaingie darasani sijatulia. Si kwamba ni mabaya. Ni harufu yake. Mbao za mkaratusi zilizopasuliwa juzi hutoa harufu kali kama dawa ya kikohozi, na mvua ya hapa Mweso ikianza kupiga bati, madirisha yakafungwa, harufu ile hunipanda kichwani mpaka nasahau nilikuwa nafundisha nini. Wanafunzi hudhani mwalimu wao wa Kiingereza anatafuta neno. Sitafuti neno lolote. Nimerudi Kashebere, ndani ya kanisa lenye mabenchi ya mbao hizo hizo, nimekaa benchi la mbele kabisa, na sielewi kitu.

Niwaeleze vizuri. Wakati huo nilikuwa mwaka wa pili wa sekondari, na dada yangu Sifa alikuwa mwaka wa tano. Sisi ni watu wa milima ya Masisi, watu wa maharagwe na mihogo, lakini miaka mingi nyuma tulikuwa tumeteremka Kashebere, upande wa Walikale, kwa sababu ambazo mtu wa kwetu hamwulizi mwenzake. Wakimbizi waliofika baada yetu walikosa pa kulala, shule ikawapa madarasa. Basi Prefe, ndivyo tunavyomwita mkuu wa sekondari, akapatana na mchungaji kwamba masomo mengine yahamie kanisani. Kiingereza kikawa cha kanisani, mchana, miaka yote sita pamoja, kwa sababu mwalimu wa Kiingereza alikuwa mmoja tu.

Huyo ndiye Prof Deo, maana kwetu mwalimu wa sekondari huitwa Prof. Alikuwa mwembamba, mpole, ametoka Goma, na alikuwa na tabia ya kuosha viatu kijitoni kabla ya kuingia kanisani, halafu anaingia na viatu vinavyolia maji. Alipotuona alishika kichwa. Kulikuwa na mafinalisti wa mwaka wa sita, wengine na ndevu zao, ambao kila shule waliyopitia ilikuwa haina mwalimu wa Kiingereza, kwa hiyo walikuwa wamepanda mwaka hadi mwaka bila kujua hata kusalimia. Kulikuwa pia na watoto wadogo waliofundishwa vizuri mahali fulani kabla ya kukimbia. Prof Deo akasema hatatufundisha kwa kufuata madarasa yetu. Atatupanga upya.

Alituita mmoja mmoja katika chumba kidogo cha mchungaji nyuma ya madhabahu. Sijui aliniuliza nini. Nilitabasamu. Akaniuliza tena polepole, nikatabasamu zaidi, nikaongeza kutikisa kichwa. Aliniambia asante, hilo nililielewa kwa sababu alilisema kwa Kiswahili. Kesho yake akasimama mbele yetu, akasoma majina, na kila mtu akaonyeshwa pa kukaa: hawa mabenchi ya mbele, hawa ya katikati, hawa ya nyuma. Hakusema kwa nini. Jina langu lilisomwa la kwanza kabisa, nikawekwa benchi la mbele, katikati. Sifa aliwekwa benchi la mwisho, karibu na mlango.

Sasa ili mnielewe lazima mjue mabenchi ya kanisa letu. Benchi la mbele si la kila mtu. Jumapili ni la mashemasi upande wa wanaume, na la mama mchungaji na wake wa mashemasi upande wa wanawake. Baba yangu alikuwa shemasi, na mahali pake palikuwa pamelainika mbao kwa miaka ya suruali yake. Nyuma yao kwaya, halafu watu wote. Benchi la mwisho ni la waliotengwa. Mtu akifanya kosa, amepiga mke, amelewa, amechukua mke wa pili, kanisa linamtenga na meza ya Bwana, naye anakaa pale nyuma kila Jumapili, kila mtu akimwona, mpaka siku atakaposamehewa. Siku hiyo mchungaji humwendea, humshika mkono, na kumtembeza njia yote ya katikati hadi mahali pake pa zamani, watu wakiimba. Hata watoto wadogo kwetu hawalikalii benchi lile kwa mchezo.

Kwa hiyo Prof Deo alipotupanga, kanisa zima lilijaa mnong'ono. Tulitafuta sababu. Wengine walisema ametupanga kwa urefu, lakini Musafiri, finalisti mwenye ndevu, alikuwa mbele pamoja nami na kichwa chake kilimzuia kila mtu. Wengine walisema ni kwa macho, wasioona vizuri wakae karibu. Wengine walisema anaangalia nani ni Mkatoliki. Musafiri mwenyewe hakuwa na shaka.

"Sisi njo ba kwanza," aliniambia, akinyoosha miguu yake mirefu. "Muntu hawezi kukuweka mbele bure."

Nilitaka sana kuamini kwamba sisi ndio wa kwanza. Tatizo ni kwamba nilijua sijui. Nilikuwa najiuliza Prof ameona nini ndani yangu ambacho mimi mwenyewe sikioni. Nikaamua kwamba labda akili ya Kiingereza ni kitu kinachokaa ndani kimya, mwenyewe asikisikie, kama minyoo.

Na masomo yenyewe yalizidi kutuchanganya, maana kila siku yalionyesha kwamba Musafiri amesema kweli. Prof Deo aliingia, akatoa kazi kwa watu wa katikati, akawapa watu wa nyuma vitabu vyembamba vilivyochakaa, halafu akageuka na kukaa nasi. Alibaki nasi karibu saa yote. Alishika kiti, tukataja kiti. Alishika mlango, tukataja mlango. Alipiga beseni la ubatizo kwa kalamu, tukataja beseni, tukacheka. Alituuliza sisi, alitusifu sisi, jasho lilimtoka kwa ajili yetu. Kule nyuma hakuenda ila mwishoni, akainama kidogo, akanong'ona na Sifa na wenzake maneno machache, basi. Niligeuka mara nyingi kumtazama dada yangu. Alikuwa ameinamia kitabu, kidole kinatembea, midomo inacheza, hakuna anayemwuliza kitu. Nilimhurumia sana. Niliona Prof amemsahau.

Jioni ya siku ile ya kupangwa Papa, yaani baba yangu, aliuliza habari za shule, kama alivyouliza kila jioni akivua mabuti ya shamba.

"Prof ametupanga kanisani," nikasema. "Miye niko mbele, Papa. Kwa benchi yako."

Papa aliacha buti moja mguuni. "Yangu?"

"Njo ile. Katikati."

Alinitazama kwa muda, uso ukafunguka polepole, kisha akamwita Mama jikoni asikie. Mama alikuja na mwiko mkononi, akapiga kigelegele kifupi, halafu akakumbuka. "Na Sifa?"

Sifa alikuwa anachambua maharagwe mlangoni. "Miye niko nyuma, Mama."

"Nyuma wapi?"

"Ya mwisho."

Mama alishusha mwiko. "Sifa, ulifanya nini?"

"Sikufanya kitu, Mama. Prof njo alituweka vile. Si mambo ya kanisa."

"Haiko mambo ya kanisa, na muko mu kanisa?" Papa aliuliza. Sifa alifungua mdomo, akanitazama mimi, akaufunga, akaendelea na maharagwe yake.

Jumamosi iliyofuata Mama alichinja kuku. Kwetu firigisi ni ya baba. Mtoto anaweza kupewa bawa, anaweza kupewa shingo, lakini firigisi hupelekwa kwa mwenye nyumba na hakuna anayeiangalia sana. Siku hiyo Papa aliichukua kwenye sahani yake, akaiweka juu ya bugali wangu, mbele ya wote. Nilitafuna nikiwa nimevimba kwa furaha na hofu kwa pamoja. Furaha naijua ilitoka wapi. Hofu sikuweza kuieleza, ila kila nilipoinua macho nilikutana na ya Sifa, na hayakuwa na hasira hata kidogo, jambo lililonisumbua kuliko hasira.

Ndipo Koko alipoanguka. Koko ni mama wa Mama, aliishi peke yake Ntoto, na aliteleza akichota maji, nyonga ikakataa kabisa. Habari ilitufikia kwa mtu aliyepita na mzigo wa mawese. Mama alikuwa na mapacha mgongoni na kifuani, hakuweza kwenda. Msichana mmoja ilibidi aende Ntoto kukaa na Koko, kumlimia, kumchotea, kumgeuza usiku, na Ntoto ya wakati ule haikuwa na sekondari. Kwenda ilikuwa kuacha shule, na hakuna aliyejua kwa muda gani.

Papa alifikiri siku nzima. Jioni akatuita.

"Benchi imesema," akatuambia. Hakusema kwa ukali, nadhani alikuwa anaumia. "Ule iko mbele abaki. Ule iko nyuma aende kwa Koko. Nisipofanya vile, nitakuwa ninatupa zawadi ya Mungu."

Nilimtazama Sifa. Sasa atasema, niliwaza, ingawa sikujua atasema nini. Alikuwa mwaka wa tano. Mwaka mmoja tu, angefanya mtihani wa serikali. Akasema, "Ndiyo, Papa," akaenda kukunja nguo zake. Nililia usiku ule mpaka mto ukalowa, na kilichonichanganya ni kwamba sehemu ya kilio ilikuwa furaha ya kubaki.

Asubuhi alinivuta kando ya ua. "Riziki, usipoelewa, uliza. Usichekecheke. Prof hakasirikake." Alichukua kitabu kimoja chembamba kutoka kwenye furushi, akakigeuza, nikadhani ananipa. Akakirudisha ndani. "Hiki hutakiweza bado," akasema, akaenda zake.

Hilo neno nililichukia. Nililibeba wiki nyingi. Mtu wa benchi la mwisho ananiambia mimi sitakiweza?

Shule ilipofunguliwa baada ya Pasaka, Prof Deo alisoma majina, akafika la Sifa, akangoja. Nikasema amekwenda Ntoto. Jioni nilisikia viatu vinavyolia maji kwenye njia ya kwetu. Mama alimpa kigoda na viazi vitamu. Hakuvigusa.

"Papa Shemasi, pardon," alianza. "Sifa amefanya nini mpaka mumutoe masomo?"

Papa alimweleza habari za Koko, nyonga, mapacha. Kisha akasema, kwa heshima ya mtu anayetaka kumfurahisha mgeni, "Lakini tuliacha ule wako wa mbele, Prof. Tuliona vile ulimuweka."

Prof Deo alinitazama mimi, akamtazama Papa, akanitazama tena. Nikaona uso wake unabadilika kama wa mtu aliyekanyaga kitu gizani.

"Papa," akasema taratibu, "mbele ninawekaka bale habajajua. Ili nikuwe karibu nabo. Nyuma njo bale banajua, banasoma bo benyewe. Sifa njo alikuwa wa kwanza mu shule muzima."

Moto ulikuwa unatoa moshi, nakumbuka, kuni zilikuwa mbichi. Mama alianza kukohoa akatoka nje. Prof Deo akaanza kujitetea mwenyewe ingawa hakuna aliyemlaumu: hakutaka kusema mbele ya watu nani hajui, hakutaka kumwaibisha Musafiri na ndevu zake, hakufikiria kabisa habari za Jumapili. Mimi nilikuwa nimesimama karibu na mlango. Nilitaka ardhi inifunike. Na bado, naapa, sehemu yangu moja ilikataa kuelewa. Kama mimi ndiye wa mwisho, mbona alikuwa ananichekea vizuri vile? Mbona alikaa nami?

Alfajiri Papa aliniamsha. Nguo zangu zilikuwa zimekwisha kufungwa kwenye furushi. Tulitembea hadi Ntoto kupitia matope na madaraja ya magogo, Papa mbele, mimi nyuma na furushi kichwani, na hakuniambia lolote isipokuwa "angalia, panateleza." Nilielewa peke yangu kwamba tunakwenda kubadilishana, kama mtu anayerudisha dukani betri zisizowaka.

Tulimkuta Sifa mtoni, akisugua sufuria kwa mchanga. Amekonda, mikono imepasuka. Alikimbia kumpokea Papa, kisha akaona furushi langu, akasimama.

"Prof amefika kwetu," Papa akasema. "Nimejua. Chukua vitu vyako. Riziki atabaki na Koko."

Sifa hakuruka kwa furaha. Alifuta mikono kwenye kitenge taratibu sana. "Hapana, Papa."

Sijawahi kusikia mtu wa nyumbani kwetu akimwambia Papa hapana.

"Miye Prof alikuwa ananiachaka na kitabu peke yangu," akasema. "Hata huku niko nacho, Koko akilala ninasoma. Huyu mukimuleta huku, njo basi. Hajaweza kusoma yeye mwenyewe. Anahitaji muntu wa kukaa naye. Mumuache kule mbele."

"Ulijua?" Papa aliuliza. "Siku ile ya benchi, ulijua?"

"Nilijua."

"Juu ya nini haukusema?"

Sifa alinitazama. "Mulikuwa mumeisha kumufurahia," akasema.

Papa alimwacha pale, akapanda hadi nyumba ya Koko, akachukua jembe. Alilima kishamba kile mchana kutwa bila kupumzika, Koko akimpigia kelele kutoka kwenye mkeka kwamba anaharibu mihogo yake. Jioni akarekebisha ua. Kesho yake asubuhi aliniwekea furushi kichwani, tukarudi Kashebere, mimi na yeye, kama tulivyokuja. Hakuna aliyeniambia kama nimeshinda au nimeshindwa.

Jumapili nilikaa karibu na Mama, benchi la wake wa mashemasi. Kwaya iliingia, mchungaji akaingia, mahali pa Papa pakawa patupu. Niligeuka kumtafuta. Alikuwa benchi la mwisho, karibu na mlango, amevaa koti lake la shemasi, Biblia magotini, katikati ya mlevi mmoja na mtu wa wake wawili.

Mtajua wenyewe watu walisema nini. Walihesabu makosa yote yanayowezekana. Mchungaji alikuja nyumbani kumwuliza, kwa sababu kanisa halikuwa limemtenga, wala hakuna aliyemshtaki. Papa alimjibu kwamba pale pako sawa. Mama alipika chakula chake vizuri zaidi kuliko kawaida. Nami kila Jumapili nilipindisha shingo kumtazama mpaka Mama akanifinya nigeuke mbele. Nilidhani Papa ananionea aibu mimi. Niliamini hivyo miaka yote ile.

Prof Deo alipeleka vitabu Ntoto kupitia watu wa sokoni, kimoja kikirudi, kingine kinakwenda. Mimi nilibaki benchi la mbele, nikauliza, sikuchekacheka tena. Polepole nilisogezwa katikati, na siku moja nikasogezwa nyuma, mahali pa Sifa hasa. Prof alinipa kitabu chembamba akaniacha peke yangu, na sikupenda hata kidogo. Nilitamani akae nami tena.

Miaka mitatu baadaye Koko alifariki, na maombolezo yalipoisha, Sifa alirudi nyumbani Jumamosi. Jumapili alichelewa kutoka, akaingia kanisani tumekwisha kuanza kuimba. Alikuwa hajui kitu, kwa sababu hakuna aliyethubutu kumwambia. Akamwona Papa pale mlangoni. Mimi nilikuwa nimegeuka, kama kawaida yangu, kwa hiyo niliona yote. Sifa alisimama. Papa aliangalia magoti yake. Kisha Sifa akanyoosha mkono, akaushika wa Papa, akamwinua, wakaanza kutembea njia ya katikati.

Wimbo ulilegea, ukakaribia kufa, halafu mama mmoja wa kwaya akauinua tena kwa nguvu. Mchungaji alibaki na mikono kando. Walipita kwaya, wakafika mbele, Papa akakaa mahali pake palipolainika. Sifa alipotaka kuvuka upande wetu, Papa hakumwachia mkono. Alisogea, akapiga mbao kwa kiganja, na dada yangu akakaa pale, upande wa wanaume, kwenye benchi la mashemasi, mpaka ibada ikaisha. Hakuna aliyemwondoa.

Sifa alifanya mtihani wa serikali mwaka mmoja nami, akafaulu, na leo anafundisha huko huko Ntoto, ambako sekondari imejengwa. Mimi niko hapa na mabenchi yangu mapya. Nilipowapanga wanafunzi wangu wa kwanza kabisa, nikawaleta wasiojua mbele, karibu na mimi, ndipo nilipoelewa kwamba Papa hakukaa nyuma kwa sababu yangu. Alikuwa amemtenga mtoto wake kwa kosa ambalo halikuwapo, naye hakujua njia nyingine ya kuomba msamaha ila ile aliyofundishwa kanisani. Kila mwaka siku ya kwanza nawaeleza wanafunzi kwa sauti maana ya benchi la mbele, na kila mwaka yuko mzazi anayekuja kunishukuru kwa kumweka mwanawe mbele, na kuku chini ya kwapa.

Mchana wa Jumapili ile ya kurudi kwa Sifa nasi tulikula kuku. Papa alichukua firigisi, akaiweka kwenye sahani ya Sifa. Sifa aliikata kwa meno, nusu akaiacha kwake, nusu akaiweka kwenye bugali wangu, bila kunitazama, kama mtu anayefanya jambo la kila siku. Sikujua kama nilistahili, na hadi leo sijui. Niliila.